Seva ofisini au wingu? Mwongozo kamili wa kuchagua mahali pa kuweka ripoti za biashara yako Lubumbashi

Patroni akiuliza "tununue seva au twende kwenye wingu?", yaani kompyuta za kukodi kupitia intaneti, swali tayari limekosewa. Mfumo wa ripoti una viungo vinne: mahali data inapozaliwa, chombo kinachoichota na kuisafisha, ghala inamokusanywa, na dashibodi wanayoitazama watu. Kila kiungo kinaweza kukaa mahali pake. Anayevichanganya vyote pamoja hulipia seva ambayo haikuhitajika, au hulipia wingu kisha anashangaa kwa nini namba za Kolwezi hazionekani.

Nimeandika kwa ajili ya kampuni ya kati ya hapa kwetu. Tuseme ni muuzaji wa vifaa vya ujenzi mwenye ofisi kuu mjini Lubumbashi na depo Likasi, Kolwezi na Kasumbalesa. Uhasibu uko kwenye Sage. Mauzo ya depo yako kwenye programu ya kaunta au Excel. Malipo mengine huingia kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Kila asubuhi patroni anataka kujua jana tumeuza nini, wapi, kwa faida gani, na nani bado ana deni letu. Kampuni kubwa za migodi zina idara zao za kompyuta, kwa hiyo haya si yao.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: kwa kampuni ya namna hii, uchotaji na ghala vibaki karibu na data, dashibodi iende kwenye wingu. Zipo hali zinazopindua jibu hilo, na hatua zinazofuata zitakuonyesha kama mojawapo inakuhusu.

Hatua ya 1: Ifuate data mpaka inapozaliwa

Anza na karatasi, kompyuta baadaye. Andika kila mahali namba inapoingia kwa mara ya kwanza: kaunta ya depo, Sage ya mhasibu, taarifa za mobile money zinazopakuliwa, faili la Excel la malori yaliyokwama mpakani. Mbele ya kila moja andika iko kwenye mashine gani, nani huifungua, na huongezeka kwa kiasi gani kwa siku.

Hicho cha mwisho huwashangaza wengi. Kampuni yenye mistari 5,000 ya faktura kwa siku inauza sana. Hata kila mstari ukichukua baiti 300, siku nzima haifiki megabaiti 2, na picha moja ya simu yaweza kuwa nzito kuliko hapo. Kwa hiyo ile hoja kwamba "mega zetu hazitatosha" mara nyingi haisimami kwa kazi ya kila siku. Husimama siku ya kwanza tu, unapopandisha historia ya miaka yote. Gigabaiti 20 kwenye laini inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde zitakula karibu saa 9, na hiyo ni kama laini haikukatika. Kazi hiyo hufanywa mara moja, usiku wa Jumamosi, basi.

Ukiona kwenye karatasi yako kwamba karibu data yote inazaliwa mtandaoni, kwa mfano programu ya mauzo tayari ni ya wingu na uhasibu pia, usinunue seva. Kuishusha data ofisini ili uipandishe tena ni kazi isiyo na faida. Lakini ikiwa Sage iko kwenye kompyuta iliyo chini ya meza ya mhasibu, endelea kusoma.

Hatua ya 2: Pima umeme na laini kabla ya kusikiliza muuzaji yeyote

Mwambie mtu mmoja ashike daftari kwa wiki mbili katika kila depo. Aandike saa umeme ulipokatika na saa uliporudi, na vivyo hivyo kwa intaneti. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ina sura tofauti katika kila kata, na daftari hilo litakuambia zaidi ya brosha yoyote.

Upande wa umeme, seva ya kawaida inayovuta wati 300 mchana na usiku hutumia kilowati-saa 7.2 kwa siku, yaani karibu 216 kwa mwezi. SNEL, shirika la umeme, ikikata, mzigo huo unahamia kwenye jenereta, na mafuta ya jenereta hayamo katika bei uliyoandikiwa na muuzaji wa seva. UPS, ile betri inayokaa kati ya umeme na seva, haikununuliwa ili mfanye kazi gizani. Kazi yake ni kuipa seva dakika za kutosha kujizima vizuri. Ili ijue inatakiwa kujizima, lazima waya wa USB utoke kwenye UPS uingie kwenye seva, na programu ya UPS isakinishwe. Nenda ukaangalie ofisini kwako sasa hivi: uwezekano mkubwa waya huo bado umo ndani ya boksi, kwenye nailoni yake. Hifadhidata inayozimika ghafla katikati ya kuandika huweza kuharibika, na hapo ndipo utakapojua kama nakala zako ni za kweli.

Ushauri wangu ni kwamba kampuni ya watumiaji wachache haihitaji seva ya kabati. Kompyuta ndogo yenye RAM ya gigabaiti 16 na diski ya SSD, inayovuta umeme mdogo kiasi cha kubebwa na betri na paneli moja au mbili za jua, inatosha kwa ghala la ukubwa huu. Iweke mbali na mlango. Vumbi jekundu la kiangazi pamoja na joto la Oktoba huziba feni, na mashine iliyoziba huanza kuzimika yenyewe saa nane mchana huku kila mtu akilaumu programu.

Upande wa intaneti, swali la kumuuliza mtoa huduma wako ni njia yake ya kutoka nchini inapita wapi: magharibi kuelekea Muanda, au kusini kupitia Zambia? Agosti 2023 maporomoko ya udongo chini ya bahari, kwenye korongo la mdomo wa Mto Congo, yalikata kebo za intaneti za WACS na SAT-3. Mwenye laini mbili zinazotegemea njia moja ana laini moja anayoilipia mara mbili. Tangu ARPTC, mdhibiti wa mawasiliano, iipe Starlink ya satelaiti leseni mwaka 2025, laini ya pili inaweza kutoka angani, na hiyo kweli ni njia nyingine.

Sasa soma daftari lako. Kama intaneti hukatika saa chache kwa wiki lakini umeme wa ofisi unasumbua kila siku, wingu linapata alama. Kama depo zinakaa siku nzima bila laini, kila depo lazima iweze kuuza na kuandika bila intaneti, kisha itume laini ikirudi. Hilo la pili ni la programu ya kaunta, na hakuna dashibodi itakayolitibu.

Hatua ya 3: Sheria, kwa ufupi

Sheria mbili zinakuhusu. Kanuni ya dijitali, yaani amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda data binafsi na kuweka masharti kwa data hiyo kupelekwa nje ya nchi. Na sheria ya uhasibu ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, inakutaka utunze vitabu na hati za uhasibu kwa miaka 10.

Kwa vitendo, usipandishe kisichohitajika. Dashibodi ya mauzo haina haja ya namba za simu za wateja wala mishahara yenye majina. Mpe kila mteja msimbo, msimbo ndio upande, jina libaki kwenye ghala la ofisini. Fedha za mwezi zikisomwa kwenye wingu, hati zenyewe bado ziko kwako. Ukiwa na mashaka juu ya aina fulani ya data, mwulize mwanasheria kabla haijapanda.

Hatua ya 4: Hesabu ya miaka mitano

Wingu huonekana rahisi kwa sababu bei yake ni ya mwezi. Izidishe. Power BI Pro, leseni ya programu ya dashibodi ya Microsoft, ilikuwa dola 10 kwa mtumiaji kwa mwezi, na tangu Aprili 2025 ni dola 14. Na hapa wengi hunaswa: katika mpango huo hata mtu wa kutazama tu anahitaji leseni yake. Watu 12 ni dola 168 kwa mwezi, na kwa miaka mitano dola 10,080, kama bei haitapanda tena. Ongeza swali moja kwa mhasibu: TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 na kodi inayokatwa kwenye huduma za kampuni zisizo na makazi nchini zitaingia vipi?

Upande wa seva, andika mashine, UPS, betri za UPS zitakazobadilishwa ndani ya miaka hiyo, diski za nakala, umeme, mafuta, na saa za fundi. Saa za fundi ndizo watu husahau, nazo ndizo hukua.

Halafu fikiria malipo yenyewe. Wingu hulipwa kwa kadi. Kadi ikiisha muda au ikikosa salio, onyo hutumwa kwa barua pepe ya aliyefungua akaunti, na baada ya muda huduma husimama. Weka kadi ya kampuni, na barua za malipo ziende kwa watu wawili.

Tafadhali, usikwepe leseni kwa kitufe cha Power BI cha "Publier sur le web". Kitufe hicho huifanya ripoti iwe wazi kwa yeyote mwenye kiungo, bila neno la siri, na injini za utafutaji zinaweza kuikuta. Faida zako za Kolwezi hazipaswi kukaa hapo.

Hatua ya 5: Chagua vyombo

Kwa kuchota na kusafisha, ndani ya ofisi yako unaweza kutumia Apache Hop, chipukizi la Kettle ya Pentaho, programu ya zamani ya kazi hiyo hiyo. Ni ya bure, huchorwa kwa kuunganisha visanduku, na fundi asiyeandika msimbo mwingi anaielewa. Mafunzo mengi ya mtandaoni bado yanataja Talend Open Studio, chombo kingine cha kuchota. Toleo hilo la bure lilisitishwa tarehe 31 Januari 2024, kwa hiyo usianze kazi mpya juu yake. Huduma za wingu kama Fivetran zinafaa pale vyanzo vyako vyote viko mtandaoni. Kwa Sage iliyo chini ya meza ya mhasibu zitakuongezea bili.

Kwa ghala, programu ya hifadhidata ya PostgreSQL. Sioni sababu ya kubishana hapa. Ni ya bure, haina kikomo cha ukubwa kitakachokugusa, na fundi wa kuijua unaweza kumpata.

Kwa dashibodi, chagua kwa kuangalia watazamaji. Ikiwa wote wako ndani ya jengo moja, Metabase ya bure kwenye kompyuta ile ile ya ghala inatosha, na haihesabu watumiaji. Ila ukiisakinisha, ihamishe kutoka kwenye hifadhidata yake ndogo ya kuanzia, H2, uiweke kwenye PostgreSQL, la sivyo maswali na dashibodi mlizochora zinaweza kupotea. Ikiwa patroni yuko safarini nusu ya mwezi na wakuu wa depo wako umbali wa kilomita mia tatu, mnataka wingu: Power BI, au Metabase inayohifadhiwa na waundaji wake. Seva ya ripoti ya Microsoft ya kuweka ofisini ipo, lakini leseni yake huja pamoja na leseni nyingine za gharama. Kwa kampuni yetu ya mfano ningeiruka.

Ukichagua Power BI, zingatia nchi unayojaza siku ya kufungua akaunti, maana ndiyo huamua data itakaa wapi, na kubadilisha baadaye ni usumbufu. Microsoft wana vituo vya data Johannesburg tangu 2019, Google nao tangu 2024, na Amazon wako Cape Town tangu 2020.

Hatua ya 6: Jenga uchotaji usioogopa kukatika

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ni hapa ningetumia nusu ya muda wangu.

Anza na pesa. Depo zinauza kwa dola na kwa franka, wakati mwingine kwenye faktura moja. Usibadilishe fedha ndani ya dashibodi. Tengeneza katika ghala jedwali la viwango: tarehe, kiwango cha Benki Kuu, na kiwango ambacho kampuni ilitumia kweli siku hiyo kaunta. Kila mstari wa mauzo ubaki na fedha yake ya asili, na pembeni yake uwekwe thamani ya dola kwa kiwango cha siku ya mauzo. Ukitumia kiwango cha leo kwa mauzo ya mwaka jana, faida ya mwaka jana itakuwa inabadilika kila asubuhi, na mama mhasibu hatakuamini tena.

Fuata tarehe na namba. Kompyuta zetu zimewekwa Kifaransa. Mashine ya wingu mara nyingi imewekwa Kiingereza cha Marekani. Faktura ya 03/04 hapa ni tarehe 3 Aprili, kule inasomwa tarehe 4 Machi, na hakuna kengele itakayolia. Ile ya 13/04 haiwezekani kule, hivyo hugoma au hugeuka maandishi. Ukiona ripoti ambayo siku 12 za mwanzo za kila mwezi zimetawanyika ovyo na zinazobaki hazipo, ugonjwa ni huo. Vivyo hivyo 1.250,00 na 1,250.00. Dawa ni moja: Hop iandike kila tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, na namba ziingie kwenye ghala zikiwa namba.

Saa nazo. Lubumbashi iko saa mbili mbele ya UTC, saa ya kimataifa, na saa moja mbele ya Kinshasa. Huduma ya Power BI huhesabu "leo" kwa UTC. Kwa hiyo kati ya saa sita na saa nane usiku wa hapa, wingu bado liko jana. Panga usasishaji baada ya saa nane usiku, au bora zaidi, safu ya siku ya biashara itengenezwe ndani ya ghala.

Kisha mpangilio wa kupakia. Usipakie kwa kuongeza tu mistari mwishoni. Laini ikikatika katikati, kesho utarudia na kupata mauzo mara mbili. Fanya hivi: kila usiku, chukua siku saba za mwisho za kila depo. Ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, futa siku hizo saba kwenye ghala, ziandike upya, halafu thibitisha. Ikikatika kabla ya kuthibitisha, ghala linarudi lilivyokuwa. Kuna faida nyingine: faktura iliyofutwa au kusahihishwa Kasumbalesa siku tatu baadaye itarekebika yenyewe, jambo ambalo mpango wa "leta mpya tu" hauoni. Marekebisho ya zamani kuliko wiki yashike kwa kupakia mwezi mzima upya kila Jumapili.

Mwisho, weka jedwali la kumbukumbu: depo gani, ilipakiwa saa ngapi, mistari mingapi, jumla ya pesa ngapi. Onyesha saa hiyo juu ya dashibodi kwa herufi kubwa. Patroni anayeona "Kolwezi: data ya juzi" anajua la kufanya. Asiyeona chochote atafikiri Kolwezi haikuuza.

Hatua ya 7: Lango kati ya ofisi na wingu

Power BI iliyoko kwenye wingu hufikia ghala la ofisini kupitia programu inayoitwa lango, inayosakinishwa kwenye mashine yako. Lango hutoka lenyewe kwenda nje, hivyo huna haja ya kufungua mlango wowote kwenye ruta. Fundi akikuambia lazima afungue, mwambie asome maelekezo upya.

Liweke kwenye mashine isiyolala. Kompyuta ya mkononi ya mhasibu haifai: anaifunga saa kumi na moja jioni, na lango linafungwa naye. Jambo lingine ambalo kwa umeme wetu ni zito: usasishaji uliopangwa ukishindwa mara nne mfululizo, Power BI huizima ratiba yenyewe. Leseni ya Pro inaruhusu usasishaji 8 kwa siku. Ukizipanga zote nane zifuatane, delestaji ya mchana mmoja inatosha kuua ratiba, na ripoti itabaki kimya mpaka mtu aiwashe tena kwa mkono. Panga mbili tu, alfajiri na jioni, saa ambazo daftari la hatua ya 2 lilikuonyesha umeme huwa upo.

Hatua ya 8: Jaribu kwa kukata

Kabla ya kulipa mwaka mzima, endesha kwa mwezi mmoja na depo moja. Likasi inafaa, kwa sababu fundi anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Upakiaji ukiwa katikati, chomoa waya wa intaneti. Siku nyingine, zima swichi kuu ya umeme. Baada ya kila jaribio, linganisha jumla ya siku kwenye dashibodi na jumla iliyochapishwa kaunta. Tofauti ya franka moja ni kosa, na litafutwe mpaka lipatikane. Kisha rudisha ghala lote kutoka kwenye nakala, kwenye kompyuta nyingine, saa ikiwa mkononi. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu.

Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya mji. Goma iliamriwa kuhama kwa sehemu kubwa tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, na watu waliondoka na walichoweza kubeba. Kwa nakala ya nje, wingu ni rahisi hata kwa aliyeamua kubaki na seva: faili moja iliyobanwa na kufungwa kwa neno la siri, inapanda kila usiku.

Hatua ya 9: Funguo

Akaunti kuu ya wingu ifunguliwe kwa anwani ya kampuni, kamwe si kwa Gmail ya fundi. Watu wawili wawe na haki ya usimamizi. Lango likisakinishwa litakuomba ufunguo wa kulirejesha. Uandike kwenye karatasi, karatasi iende kwenye kasha la patroni, maana mashine ikiibiwa huwezi kulihamishia kwenye mashine mpya bila ufunguo huo. Mchoro wa Hop uhifadhiwe pamoja na nakala za ghala, na mkataba wa fundi useme kwamba mchoro ni mali ya kampuni.

Mtu akiacha kazi, leseni yake iondolewe siku hiyo hiyo. Kila robo mwaka fungua orodha ya watumiaji uone nani hajaingia kwa miezi miwili. Huyo mpelekee ripoti ya PDF kwa barua pepe kila Jumatatu, na dola zake 14 zibaki kwenye kasha.